Mgeni ni Nani?



Katika kijiji kimoja cha kando ya ziwa Tanganyika, nilikofundisha katekisimu kwa miaka kadhaa, palitokea shauri ambalo sikuweza kulijibu siku ile. Jamaa moja, yaani baba, mama na watoto watano, walikuwa wamefika kutoka milimani wakikimbia vita. Walipewa nyumba ya marehemu mmoja iliyokuwa tupu. Wakapewa unga, wakapewa chumvi na kuni. Hakuna mtu aliyenung'unika. Lakini mvua za kwanza zilipokaribia, baba yule aliwaendea wazee akaomba kipande cha shamba. Hapo maneno yakabadilika. Wengine wakasema: "Chakula tutampa, maana ni mgeni. Shamba hatutampa, maana ni mgeni."

Jumapili ile, baada ya mafundisho, mzee mmoja mkatekumeno, mtu mpole asiye na maneno mengi, akasimama akaniuliza: "Mwalimu, kumnyima mgeni chakula ni vibaya, hilo twalijua tangu wazee wetu, hata kabla Padre wa kwanza hajafika. Lakini kumnyima shamba, je, ni dhambi au si dhambi?"

Nikamwambia kwamba nitafikiri, nami nitamjibu Jumapili nyingine. Nilipokuwa nikirudi nyumbani, jambo lililonishika moyoni halikuwa shamba, bali lile neno. Watu wale walilitumia neno moja mara mbili. Mara ya kwanza lilifungua mlango, mara ya pili likaufunga. Yawezekanaje neno moja lifanye kazi mbili zinazopingana? Basi nikaanza kulichunguza neno hilo, katika lugha yetu kwanza, halafu katika lugha za watu wengine, na hayo niliyoyapata ndiyo ninayowaandikia hapa.

Tuanze nyumbani. Katika Kiswahili, mgeni ni yule aliyekuja kutuzuru, tunayemwekea kiti na maji ya kunawa. Mgeni pia ni yule tusiyemjua, mtu wa kabila jingine au wa nchi nyingine. Tena, mgeni ni mtu asiyelizoea jambo: fundi aliyeanza kazi jana husema, "Mimi ni mgeni wa kazi hii," naye hana maana kwamba amekuja kula na kulala. Kwa hiyo twasema nchi ngeni, lugha ngeni, mambo mageni. Wafaransa wanayo maneno mbalimbali kwa mambo hayo. Yule wa nchi nyingine humwita étranger, neno lililotoka katika Kilatini, lenye maana ya mtu wa nje. Yule aliyealikwa humwita kwa jina jingine kabisa. Sisi tunalo moja tu. Mtu wa nje na mtu wa mezani ni neno lilelile.

Wala Kiswahili hakiko peke yake. Neno hili ni la kale sana, wataalamu wa lugha zetu za Kibantu hulihesabu kati ya yale ambayo mababu walikuwa nayo kabla makabila hayajatawanyika. Waganda husema omugenyi, Wabemba husema umweni, Waluba wa Kasai husema mwenyi. Sauti zimegeuka kidogo njiani, kama vile uso wa mtoto usivyofanana kabisa na uso wa babu yake, lakini ukoo ni mmoja. Na kote huko maana ni zote mbili, yaani mtu wa mbali na mtu wa kukaribishwa. Wasemaji wa Lingala wanalo neno la shina jingine, mopaya, nao pia hulitumia kwa yote mawili.

Ndugu zetu wa Kivu wanaojua Kinyarwanda watanikumbusha jambo jingine. Katika lugha hiyo, umugeni ni bibi arusi. Waliposikia mara ya kwanza Kiswahili cha "wageni wamefika," huenda wengine walitafuta arusi iko wapi! Lakini tazameni: bibi arusi ni nani katika nyumba ya mume wake? Siku ya kwanza hajui mahali chungu kinapowekwa. Hajui ni nani katika ukoo aliyegombana na nani. Watu wa nyumba humtazama jinsi anavyokaa na jinsi anavyotembea. Ni mgeni kweli. Hata hivyo hakuna anayetaka abaki mgeni, maana watoto wa nyumba ile watatoka kwake, na baada ya miaka michache yeye ndiye atakayewapokea wageni wengine mlangoni. Nawaomba mliweke neno hili la umugeni akilini, kwa sababu tutalirudia.

Sasa twende ng'ambo, kwa Warumi wa kale. Wao walikuwa na neno hostis. Katika sheria zao za zamani, zile ziitwazo Sheria za Mbao Kumi na Mbili, zilizoandikwa yapata mwaka 450 kabla ya Kristu, hostis ni mtu wa taifa jingine tu, asiye raia wa Roma, ambaye mtu aweza kuwa na kesi naye, na siku ya kesi ikaheshimiwa. Hana ubaya wowote. Neno hili lina ndugu katika lugha nyingine za Ulaya: Wajerumani husema Gast, Warusi husema gost, na wote wawili wana maana ya mgeni wa kupokewa nyumbani. Mtaalamu mmoja Mfaransa, Émile Benveniste, katika kitabu chake cha mwaka 1969, alieleza kwamba zamani sana neno hilo lilimtaja mtu ambaye sisi na yeye tumefungwa na wajibu wa kutendeana mema. Leo nimempa, kesho atanipa.

Lakini nini kiliwapata Warumi? Walipigana vita na jirani wa kwanza, kisha na wa pili, kisha na wa kumi. Kila mtu wa nje akawa mtu wa kupigwa au wa kupiga. Neno halikubadilika hata herufi moja, ila maana yake ilioza ndani, kama yai lisilopasuka ganda. Hostis akawa adui. Cicero, mwanasheria na msemaji mkuu wa Roma, aliliona jambo hili. Katika kitabu alichomwandikia mwanawe mwaka 44 kabla ya Kristu juu ya wajibu wa mtu, alimkumbusha kwamba mababu walimwita hostis yule ambaye wao siku zile walimwita msafiri wa nchi nyingine. Kwake yeye jambo hili lilionyesha upole wa watu wa kale, waliomwita hata adui kwa jina lisilo na ukali. Halafu muda mrefu ulilifanya jina lile kuwa kali. Na hata leo Mfaransa akisema hostile, asema juu ya mtu mwenye uadui.

Ninapofundisha jambo hili, daima kuna mwanafunzi mmoja anayeuliza kama hostia ya Misa ni neno hilohilo. Swali zuri, lakini tuwe na hadhari. Hostia maana yake ni sadaka inayotolewa kwa Mungu. Sauti zikikaribiana, tusikimbilie kusema kwamba maana ni moja. Wengi wamepotea kwa kufuata masikio tu.

Baada ya neno lao la kwanza kuharibika, Warumi walibaki na jingine lililotoka katika shina lile, nalo ni hospes. Hili halikuoza. Hospes alikuwa yule anayepokea mgeni, na tena hospes alikuwa yule mgeni anayepokewa! Wafaransa wamelirithi hivyo hivyo. Hôte ni mwenye nyumba, hôte ni mgeni wake, na msikilizaji atambue mwenyewe ni yupi. Katika neno hilo ilitoka nyumba ya kupokea wasafiri, na kwa kuwa wasafiri wengi walifika wamechoka na wagonjwa, nyumba ile ikawa nyumba ya kutibia. Ndiyo hospitali. Na hoteli nayo imetoka humohumo. Kwa hiyo, yeyote kati yenu aliyepata kulazwa na kupewa dawa amelala katika neno la wageni, ingawa hakuambiwa.

Wagiriki walikwenda vilevile. Kwao xenos alikuwa mtu wa nchi nyingine, alikuwa mgeni wa nyumbani, tena alikuwa rafiki mwenyeji wa mbali. Palikuwa na desturi ya kuvunja kitu kidogo vipande viwili: mwenyeji hushika kimoja, mgeni huenda na kingine. Baada ya miaka mingi, hata mjukuu wa yule mgeni aliweza kufika mlangoni na kipande chake. Vikiunganishwa vikalingana, hupokewa kama mtu wa nyumbani. Kipande hicho walikiita symbolon. Nanyi wakatekumeno mnaojifunza "Nasadiki" kwa moyo, mjue kwamba jina lake la kale katika Kanisa ni hilohilo, Symbolum, alama ya kutambuana. Mtu akifika katika Kanisa la mbali asikojulikana, akaisali Nasadiki pamoja na wenyeji, kipande chake kimelingana na chao.

Labda mtu ataniambia: "Mwalimu, maneno ya Warumi na Wagiriki yatusaidia nini katika jambo la shamba? Neno haliwezi kuhukumu." Ni kweli. Maana ya kale ya neno haitufungi sisi. Kama ingetufunga, ingetupasa kumwita kila mgeni adui kwa sababu Roma ilifanya hivyo. Neno si hakimu, lakini ni shahidi. Linatuonyesha mambo ambayo watu waliyachagua, pengine bila kujua kwamba wanachagua. Mahali pamoja watu wa kawaida, wakulima na askari na wafanya biashara, waliligeuza jina la mgeni likawa jina la adui. Mahali pengine walilihifadhi. Basi lugha yetu haina ulinzi wowote wa kuizuia isifuate njia ya Roma, isipokuwa sisi tunaoisema.

Nasi tumekwisha kuianza njia ile, wapenzi. Wasomaji wetu wa Katanga wanayajua haya kuliko mimi. Kampuni ya madini, Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilihitaji mikono mingi ya kazi. Reli nayo ilihitaji makarani na mafundi. Watu wengi wakaletwa au wakaja wenyewe kutoka Kasai. Walichimba shaba, waliendesha treni, walifundisha shule, walioa, walizaa, walizika wazazi wao katika udongo wa Katanga. Watoto wao walizaliwa Likasi na Kolwezi, wakacheza huko, wakaona Kasai katika ramani tu. Halafu katika miaka ya 1992 na 1993, katika fitina za siasa, wakaambiwa: "Ninyi ni wageni, rudini kwenu." Mamia ya maelfu walifukuzwa. Walilala siku na majuma katika vituo vya reli wakingoja treni, na wengi, hasa watoto, walikufa pale au njiani. Wengine waliwaita kwa jina la wadudu. Nataka mlione hili: hawakuanza na wadudu. Walianza na wageni, neno ambalo kila mmoja wao alilijua tangu utoto kuwa neno la heshima, la maji ya kunawa na kuku wa kuchinjwa.

Kosa lilikuwa wapi? Nimefikiri sana, nami naona kosa mojawapo ni hili, kwamba walilifanya neno lisilo na kudumu kuwa alama ya kudumu. Ugeni, kwa asili yake, ni hali inayopita. Ni kama ubibi arusi. Wahenga wetu wa pwani walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hucheka wanapousikia msemo huu, wakidhani ni njia ya kumfukuza mvivu kwa adabu. Pengine ndiyo. Lakini fikirini, jembe hupewa nani? Mgeni wa kweli huketi, hatuwezi kumtuma kulima. Anayepewa jembe amehesabiwa kuwa mmoja wetu. Atalima nasi na atakula katika jasho lake mwenyewe. Msemo haukusema, siku ya tatu mwonyeshe njia. Ila jembe pasipo shamba ni mzigo tu, na hapa tunarudi kwa swali la yule mzee wangu.

Wahenga walisema pia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sitaeleza sana. Kila nyumba inajua kwamba chakula kizuri hupikwa mgeni akija, na ugomvi hunyamaza mgeni akija.

Sasa nataka kuwaonyesha jambo ambalo mimi mwenyewe nilipolijua nilifurahi kama mtu aliyeokota fedha. Katika Maandiko Matakatifu, lugha ya Kiebrania inalo neno ger. Maana yake ni mtu wa taifa jingine anayekaa kati ya wenyeji bila kuwa na ardhi ya urithi wala ukoo wa kumtetea. Waarabu, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiebrania, wanalo neno la shina hilohilo: jar. Lakini kwao maana yake imekuwa yule anayekaa karibu nawe, chini ya ulinzi wako. Wakiwataja wengi husema jiran. Mmekwisha kulitambua! Ndilo neno letu jirani, lililopokewa pwani kutoka kwa Waarabu, likapanda barani pamoja na misafara hadi kwetu. Basi jirani wa Kiswahili na mgeni wa Kiebrania ni watoto wa nyumba moja.

Tena hebu sikieni mahali neno lile la Kiebrania linapopatikana. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 19, ndimo ilimo amri ya kumpenda mwenzako kama nafsi yako. Hiyo mnaijua. Mistari michache mbele, katika sura hiyohiyo, imo amri ya pili kwa maneno yaleyale karibu yote, ila safari hii anayepaswa kupendwa kama nafsi yako ni ger, mgeni akaaye katika nchi yenu. Na sababu inatolewa palepale, kwamba Waisraeli nao walikuwa wageni katika nchi ya Misri. Mungu hakuwaambia kwamba wageni ni watu wema. Aliwakumbusha tu jinsi ilivyo kuwa mgeni.

Na katika mwanzo wa sura ile ile imo sheria juu ya mashamba. Mwenye shamba asivune mpaka pembeni, wala asirudi kuokota masuke yaliyoanguka. Ayaache kwa maskini na kwa mgeni. Angalieni hekima ya sheria hii. Haikumwambia tajiri amwite mgeni mlangoni ampe bakuli. Ilimwambia aache sehemu ya shamba ili mgeni aingie mwenyewe, avune kwa mkono wake, na arudi nyumbani kwake na mzigo kichwani kama wanawake wengine. Ndivyo alivyofanya Rutu, mwanamke wa Moabu, katika shamba la Boazi. Boazi akamwoa, na huyo umugeni akawa bibi wa babaye mfalme Daudi. Mtakatifu Mateo anamtaja katika ukoo wa Bwana wetu Yezu Kristu. Hakuna aliyemfuta kwa sababu ya kabila lake.

Lakini haifai niwafiche upande wa pili, maana mzee wangu hangekubali nimfiche. Mgeni aweza kuwa mbaya. Mwezi wa saba wa mwaka 1994, watu wengi mno walivuka mpaka kutoka Rwanda na kuingia Goma katika siku chache. Hata hesabu ya mamia ya maelfu ni ndogo. Wenyeji walitoa maji na walitoa viwanja, hata mashamba ya migomba yakakanyagwa. Kipindupindu kikaua makumi ya maelfu kati ya wakimbizi. Walikuwamo kina mama na watoto wasio na hatia. Na katikati yao walikuwamo watu wenye damu mikononi, waliowaua majirani zao kule walikotoka, nao wakazitawala kambi zile kwa silaha. Uchungu uliofuata katika nchi yetu haujakwisha. Je, mtu wa Kivu aliyeyaona hayo akiogopa wageni, tumwambie hana imani? Mimi sithubutu. Hofu yake ina sababu. Mapokezi hayatuondolei akili. Mwenye nyumba ana haki ya kumwuliza mgeni atokako, na mwenye silaha aziache nje. Lakini swali "umetenda nini?" ni swali jingine kabisa, silo swali "wewe ni wa wapi?" La kwanza huulizwa mtu mmoja mmoja, naye aweza kulijibu. La pili humhukumu mtoto mchanga pamoja na muuaji.

Tena hakuna ajuaye ni lini yeye atapiga hodi. Tarehe 17 Januari 2002, mlima Nyiragongo ulipasuka, na moto ulioyeyuka ukashuka ukapita katikati ya mji wa Goma hadi ziwani. Mamia ya maelfu ya watu wa Goma wakavuka mpaka kwa miguu kuingia Gisenyi, wakiwa na magodoro na watoto mgongoni. Miaka minane haikuwa imetimia tangu wao walipowaona wengine wakija kwa njia ileile kutoka upande wa pili.

Nilikuwa nimekwisha kuyafikiri haya, Jumapili ikafika, mzee wangu ameketi mbele. Sikumwanzia na Warumi. Nilimwanzia na neno alilokuwa amelizoea, nikamwuliza: "Baba, tunakwenda wapi siku za sikukuu?" Akajibu: "Parokiani." Nikawaeleza kwamba neno parokia ni la Kigiriki, na maana yake ya kwanza ni kukaa ugenini. Paroikos ni mtu anayekaa karibu na nyumba isiyo yake. Wayahudi waliotafsiri Maandiko kwa Kigiriki walilitumia mara kadhaa mahali pa lile neno ger. Wakristu wa kwanza wakalichukua kwa ajili yao wenyewe. Barua ya Klementi, iliyopelekwa kutoka Roma kwenda Korinto karibu na mwisho wa karne ya kwanza, inaanza kwa kuwataja kama Kanisa linalokaa ugenini Roma na Kanisa linalokaa ugenini Korinto. Kwa hiyo mtu anayejivunia kuwa wa parokia fulani tangu babu yake, na kuwadharau waliokuja jana, anajivunia ugeni wa siku nyingi. Watu walicheka. Mzee hakucheka. Akasema: "Hayo ni mazuri, Mwalimu, lakini nililouliza ni shamba."

Ndipo nikamsimulia habari za Abrahamu. Si ile ya chini ya miti ya Mamre, alipowapokea watu watatu wakati wa joto la mchana, maana hiyo aliijua. Nilimsimulia ile ya sura ya 23 ya kitabu cha Mwanzo. Sara amekufa. Abrahamu, ambaye Mungu amemwahidi nchi nzima, hana hata mahali pa kumzika mkewe. Akasimama mbele ya Wahiti, wenyeji wa Hebroni, akasema kwamba yeye kwao ni mgeni na mpitaji, akaomba mahali pa kaburi. Hakunyang'anya wala hakusema, "Mungu amenipa." Aliomba hadharani, mlangoni pa mji, mbele ya wote, akainama. Nao Wahiti hawakumwambia, "Wewe ni mgeni, ukamzike kwenu." Walimwambia achague kaburi lililo zuri kuliko yote. Walimtaka alichukue bure. Yeye akataka kulipa, akapima fedha, shekeli 400. Shamba likawa lake, pamoja na pango na miti yake, mbele ya mashahidi.

Mzee akanyamaza kitambo, kisha akauliza: "Wahiti hao walikuwa wamebatizwa?"

"Hapana, Baba. Hata Abrahamu hakubatizwa. Ni zamani sana."

"Walijua sala zetu?"

"Hawakuzijua."

"Nao walimpa shamba," akasema, akaketi.

Mnaweza kutaka kujua mambo yaliishaje. Hayakuisha vizuri kama hadithi. Wazee walikaa baraza mara mbili. Wengine walikuwa na sababu ya haki: ardhi ya kijiji kile ni nyembamba, kati ya maji na mlima, na watoto wao wenyewe wanakua. Mwisho walimpa yule baba kipande ng'ambo ya kijito, shamba lililoachwa, limejaa majani marefu. Alitoa mbuzi mmoja mbele ya wote, maana alikataa kuchukua bure. Mzee mmoja wa baraza hakuwapo siku ile, wala hajapita kuwasalimu mpaka leo. Mke wa mgeni alipanda mihogo mwaka ule, na mwaka uliofuata akazaa mtoto mwanamume, wa kwanza katika nyumba yao asiyekuwa na kumbukumbu ya milima. Watoto wenzake bado humwita Mgeni, nimewasikia kisimani. Yeye huitika tu, akidhani ni jina lake.